Maziwa ya Jirani

Posa ikifika katika nyumba ya Kiislamu ya mwambao, iwe Lamu, Tanga au Unguja, wazee huulizana mengi: kijana ni wa ukoo gani, anasali, ana kazi gani. Liko swali jingine ambalo mara nyingi huachiwa wanawake wa nyumba, kwa sababu jibu lake halimo katika cheti chochote. Hawa wawili hawakunyonya ziwa moja? Pengine miaka ishirini nyuma mama wa binti alilazwa hospitali, na jirani akamchukua mtoto akamnyonyesha pamoja na wake kwa juma zima. Mambo yakapita, watu wakahama mtaa. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, kunyonya mara tano tofauti kabla mtoto hajatimiza miaka miwili kwatosha kumfanya jirani yule mama yake, na watoto wa jirani ndugu zake. Ikithibitika, posa hurudi.

Undugu huu umetajwa katika Kurani, sura ya An-Nisaa, aya ya 23: mama wa kunyonya na dada wa kunyonya wamewekwa katika orodha moja na mama mzazi na dada wa tumbo moja. Na kila aliyewahi kukaa kwenye Maulidi anamjua Halima Saadia, aliyemnyonyesha Mtume. Watu wa pwani wameishi na hukumu hii kwa karne nyingi bila kuiona ngeni. Hata hivyo, ndani yake limo swali zito. Maziwa yakifika tumboni husagwa yakawa mafuta, sukari na protini, kama chakula chochote. Kwa nini uji wa jirani usizae undugu, maziwa yake yauzae? Kitu kilichotoka katika mwili wa mtu kikaingia katika mwili wa mwingine huacha nini huko?

Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walitangaza kuwa wamekuta ndani ya maziwa ya mama vijifuko vidogo mno, vilivyofungwa kwa utando kama ule wa seli, na kwamba vikichanganywa na seli za kinga katika maabara huzituliza. Hivyo si mafuta wala sukari. Ni vipande vya seli za mama, vimebeba protini zake na, kama ilivyokuja kuonekana, hata maandishi yake.

Namna vinavyotengenezwa ni jambo la kustaajabisha. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Ndani yake mna vyumba vidogo, na katika baadhi ya vyumba hivyo utando hujikunja kuelekea ndani ukakatika, ukaacha vifuko vidogo zaidi, mithili ya komamanga lililojaa punje. Chumba hicho kikisogea hadi ukingoni na utando wake ukaungana na ule wa seli, punje zote humwagika nje. Hizo huitwa eksosomu, na upana wake ni kati ya nanomita 30 na 150 hivi. Unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000. Vijifuko vingine, vikubwa zaidi, humeguka moja kwa moja kutoka utando wa nje. Vikishatoka ni vigumu kujua kipi kimepita njia ipi, kwa hiyo wataalamu wameamua kuviita vyote kwa jina moja: vijifuko vya nje ya seli. Vimo katika damu, mate, mkojo, machozi, shahawa na maziwa. Mililita moja tu ya damu ina mabilioni.

Kwa muda mrefu havikuhesabiwa kuwa kitu. Mwaka 1946 Erwin Chargaff na Randolph West waliizungusha damu isiyo na seli kwa kasi kubwa, wakapata chini yake mashapo yenye uwezo wa kugandisha damu, lakini hawakuweza kusema ni nini hasa. Mwaka 1967 Peter Wolf, huko Uingereza, aliviona vipande vinavyodondoka kutoka chembe zinazogandisha damu, akaviita vumbi. Neno hilo linaonyesha jinsi vilivyotazamwa wakati ule.

Mwaka 1983 ndipo mlango ulipoanza kufunguka, na aliyeusukuma ni kondoo. Rose Johnstone na mwenzake, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, walikuwa wakichunguza seli changa nyekundu za damu ya kondoo. Seli hiyo ikiwa changa huhitaji madini mengi ya chuma, na juu ya utando wake hubeba vipokezi vya kuyavutia. Ikikomaa haivihitaji tena. Watafiti walitaka kujua vipokezi vile huenda wapi, wakavikuta vimefungwa ndani ya vijifuko na kutupwa nje. Mwaka huohuo kundi la Philip Stahl, St. Louis, liliona jambo hilohilo kwa damu ya panya. Johnstone alitumia jina la eksosomu mwaka 1987. Maelezo yaliyokubalika yalikuwa mepesi: seli inafagia nyumba, inatupa taka.

Maelezo hayo yalitawala kwa miaka mingi. Mwaka 1996 Graça Raposo na wenzake, Uholanzi, walionyesha kuwa seli za kinga hutoa vijifuko vinavyoweza kuziamsha seli nyingine za kinga. Kisha mwaka 2007, mwaka uleule wa maziwa ya Stockholm, Hadi Valadi na Jan Lötvall wa Gothenburg walifanya jaribio ambalo kila mwenye kutafakari habari za nafsi na mwili anapaswa kulijua. Walichukua vijifuko kutoka seli za panya, wakavikuta vimebeba RNA, yaani nakala za maagizo ambayo seli huyasoma ili kutengeneza protini. Wakaviweka kwenye seli za binadamu. Baadaye, ndani ya seli za binadamu, wakakuta protini za panya.

Inafaa kutua hapo kidogo. Seli ya mtu ilipokea barua kutoka kwa kiumbe mwingine kabisa, ikaisoma na kuitekeleza, wala haikubisha kwamba barua si yake.

Basi huwezi kumlaumu khatibu anayesoma habari kama hizi akaharakisha kupanda mimbari. Hoja inajipanga yenyewe: maziwa yamebeba maagizo ya mama, mtoto anayameza, maagizo yanaingia katika seli zake, ndiyo maana Mwenyezi Mungu akaufanya unyonyeshaji kuwa undugu, na sayansi imekuja kuthibitisha baada ya karne kumi na nne. Hoja ya namna hiyo inavutia, na wanaoitoa wana mapenzi ya kweli na dini yao. Ni hoja dhaifu hata hivyo, na udhaifu wake unaumiza pande zote mbili.

Upande wa sayansi kwanza. Kwamba vijifuko vimo katika maziwa ni jambo lisilo na shaka. Kwamba vinaweza kustahimili asidi na vimeng'enya kama vya tumbo, maabara zimeonyesha. Kinachobishaniwa ni kama RNA iliyomo hufika katika damu na viungo vya anayekunywa, kwa wingi wa kutosha kubadili chochote. Mwaka 2014 kundi la Janos Zempleni, katika Chuo Kikuu cha Nebraska, lilitangaza kuwa watu waliokunywa maziwa ya ng'ombe walionekana na mikro-RNA, yaani RNA fupi, za maziwa hayo katika damu; miaka miwili baadaye wengine walipima tena sampuli zilizotokana na utafiti huo, matokeo hayakuonekana. Mwaka 2015 watafiti wa Zurich walitumia panya wachanga waliozaliwa bila mikro-RNA fulani, wakawanyonyesha kwa panya majike walio nazo. Kama maziwa yangezivusha, zingeonekana kwa watoto. Hazikuonekana, zilimeng'enywa tumboni. Inawezekana kazi kubwa ya vijifuko vya maziwa imo utumboni kwenyewe, na majaribio ya wanyama yanaonyesha kuwa vinasaidia seli za utumbo kukua. Hilo si dogo kwa mtoto njiti, ambaye utumbo wake unaweza kuoza akiwa bado katika kitanda cha joto. Lakini haliwezi kubeba hukumu ya ndoa. Mwenye kuijenga hukumu juu ya matokeo ya maabara ya leo, atasema nini maabara ya kesho ikiyapindua?

Upande wa dini, udhaifu ni mkubwa zaidi, kwa sababu hoja hiyo inasahau kisa kinachojulikana sana katika vitabu vya hadithi. Bibi Aisha alinyonyeshwa utotoni na mke wa Abu al-Quays. Baadaye, aya ya hijabu ilipokwisha kuteremka, Aflah, nduguye Abu al-Quays, alibisha hodi akiomba kuingia kwake kama ami. Bibi Aisha akakataa. Pingamizi lake lilikuwa la moja kwa moja: aliyemnyonyesha ni mke, mumewe hana maziwa, sembuse nduguye. Mtume alipomjia akamwambia amruhusu, kwani yule ni ami yake.

Pingamizi la Bibi Aisha ni la hadubini kabla ya hadubini. Aliuliza kitu kilipitia wapi. Akajibiwa kwa lugha ya jamaa: mume wa mnyonyeshaji ni baba, ndugu yake ni ami, ingawa hakuna tone wala kijifuko kilichotoka kwao. Na upo mfano wa upande wa pili. Anayeongezewa damu hupokea mabilioni ya vijifuko vya mtu mwingine, vikaingia mshipani bila kupita tumboni hata kidogo. Ingekuwa undugu ni suala la chembe, huyo ndiye angestahili kuwa ndugu wa kwanza. Wanazuoni wa zama hizi kwa wingi wao wamesema damu ya kuongezewa haizai umaharimu, yaani uharamu wa kuoana. Vivyo hivyo mtu mzima akinywa maziwa ya mwanamke, kwa kauli ya walio wengi, hawi mwanawe.

Lakini itakuwa kosa jingine kusema kwamba mwili hauna neno katika jambo hili. Mafakihi wenyewe waliitafuta sababu, wakaikuta katika kuota kwa nyama na kukomaa kwa mifupa. Ndiyo maana wakaweka mpaka wa miaka miwili, kipindi ambacho maziwa ndiyo hasa yanayomjenga mtoto. Wakahangaika na maswali ambayo mtu asiyewasoma angedhani ni ya karne hii. Maziwa yakichanganywa na maji? Yakifanywa jibini? Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho makadhi wa pwani wamekitegemea kwa vizazi, anayahesabu hata yakishakuwa jibini. Wanazuoni wa Kihanafi hawakubaliani naye. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alikwenda mbali kuliko wote: kwake, undugu unatokana na mtoto kunyonya titi kwa kinywa chake, akinyweshwa kwa chombo hakuna kitu. Nawawi anatazama kilichomo ndani ya maziwa, Ibn Hazm anatazama kitendo, kifua na mdomo, joto na kupakatwa.

Mabishano hayo ya kale yamerudi katika wodi za watoto. Mwaka 1983 Sheikh Yusuf al-Qaradawi, akiegemea kauli kama ya Ibn Hazm, aliona hakuna ubaya katika benki za maziwa. Desemba 1985 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, likikutana Jidda, likazikataza katika ulimwengu wa Kiislamu, kwa kuhofia mchanganyiko wa nasaba: maziwa yakikusanywa kutoka kwa akina mama wengi, nani atajua nani ni ndugu wa nani? Mwaka 2019 Nairobi ikapata benki ya maziwa, ya kwanza nchini Kenya, katika Hospitali ya Wazazi ya Pumwani. Inawahudumia vichanga walio dhaifu na waliokosa mama. Na Pumwani ni mmoja wa mitaa ya kale ya Waislamu jijini humo.

Katika benki za namna hii maziwa hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu, virusi vya UKIMWI vikiwemo. Tafiti zimeonyesha kuwa joto hilo hupunguza mno mikro-RNA zilizomo. Hapo ndipo hoja ya khatibu wetu inapomgeukia. Ikiwa vijifuko ndivyo vinavyofanya undugu, basi maziwa yaliyopashwa moto huenda yasiufanye, na mtoto aliyelishwa chupa za Pumwani kwa mwezi mzima hana ndugu wa kunyonya popote. Sijui ni mzazi gani atakayeridhika na fatwa iliyotolewa na kipimajoto. Nawawi angalau anampa mtoto huyo jibu asiloweza kulikwepa: ni mama yako, mtafute jina lake. Na kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo ombi la haki ambalo familia za Kiislamu zinaweza kulipeleka hospitali: daftari la kila aliyetoa na kila aliyenyweshwa, ili mtoto apone na jina lisipotee.

Je, vijifuko hivi basi havituambii chochote? Vinatuambia, ila ni juu ya jambo jingine. Tumezoea kuufikiria mwili kama nyumba iliyofungwa mlango: ngozi ni ukuta, na kila kilicho ndani ni changu. Mwanafalsafa Ibn Sina aliwahi kuwataka wasomaji wake wamfikirie mtu aliyeumbwa akielea hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani, kisha akauliza kama mtu huyo angejua kuwa yupo. Alijibu kuwa angejua. Nafsi haiujui uwepo wake kupitia mwili. Jibu hilo lilikuwa zuri siku zote. Leo lina sababu mpya ya kupendwa, kwa maana anayeitafuta nafsi yake kwenye kuta za mwili atakuta kuta zinavuja. Kondo la nyuma la mjamzito humwaga vijifuko katika damu yake miezi yote, na katika kifafa cha mimba huongezeka. Seli za ubongo, kama makundi mawili ya Marekani yalivyoripoti mwaka 2018, hupelekeana RNA ndani ya magamba ya protini iitwayo Arc, inayohusika na kumbukumbu, ambayo chimbuko lake ni jamaa za kale za virusi. Sehemu ya chombo tunachotumia kukumbuka ilianza kama mgeni.

Na si kila mgeni ana heri. Mwaka 2013 watafiti wa Melbourne walionyesha kuwa seli nyekundu zilizovamiwa na vimelea vya malaria hupelekeana vijifuko, na kwa njia hiyo vimelea viliweza kupeana jeni ya kustahimili dawa na kuhimizana kuzaa zile chembe ambazo mbu huja kuzichukua. Kwa nchi zetu hiyo si habari ya mbali. Miaka miwili baadaye maabara ya David Lyden, New York, ilionyesha kuwa vijifuko vya saratani vina alama juu ya utando zinazoamua vitatua mapafuni au kwenye ini, vikaandae mahali kabla seli za saratani hazijafika. Njia ni ileile ambayo vijifuko vya maziwa viliitumia kuzituliza seli za kinga katika maabara.

Pa barua pana waghushi pia. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo iliyotolewa New Zealand kuanzia 2004 ilitengenezwa kwa vijifuko vya bakteria wenyewe, na ilikuwa kinga halali iliyopimwa. Lakini Desemba 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ililazimika kutoa onyo kuhusu bidhaa zinazouzwa kwa jina la eksosomu, baada ya wagonjwa wa Nebraska kupata madhara makubwa, ikasema hakuna hata moja iliyoidhinishwa. Mtu anayeambiwa kwamba sindano itampa ujana wa seli za mtu mwingine ana haki ya kuuliza ni za nani, zilipimwa wapi, na zilikuwa zikipeleka ujumbe gani.

Ni za nani: swali lilelile la posa. Hadubini ya elektroni inaweza kukionyesha kijifuko na mviringo wake, lakini miaka ishirini baadaye hakuna chombo kitakachomshika kijana wa Tanga kimwambie alinyonya kwa nani. Maziwa yamekwisha, utumbo umejivua seli zake mara elfu. Kinachobaki ni ushahidi, na fiqhi ya Shafi inalijua hilo: katika jambo la kunyonya, wanawake wanne wanatosha kuwa mashahidi bila mwanamume hata mmoja, kwa kuwa wao ndio waliokuwapo chumbani.

Uqba bin al-Harith, wa Makka, alikuwa amekwisha kuoa. Alimwoa binti wa Abu Ihab. Siku moja akatokea mwanamke mweusi akasema aliwanyonyesha wote wawili, Uqba na mkewe. Uqba akamjibu kwamba hana habari hiyo, na kwamba mwanamke yule hakuwahi kumwambia. Akapanda mnyama wake akasafiri hadi Madina kumuuliza Mtume. Hakuna aliyeleta cheti, na hakuna aliyeuliza maziwa yale yalifanya nini ndani ya miili yao. Mtume alimuuliza atakaaje naye ilhali limekwisha semwa. Uqba akarudi, akaachana na mkewe, na binti wa Abu Ihab akaolewa na mtu mwingine.